Baiskeli ya traiali niliyoifunga Mwanza: uzoefu wangu, gharama na fundi wa kumpa kazi

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine hamtafika chini: inawezekana kufunga baiskeli ya traiali ukiwa Mwanza na ikatoka safi, ila hela yako iende kwenye friwili (kile kinachonasa ukikanyaga pedeli na kuachia ukitulia), breki ya nyuma na cheni, hivo vitatu usivifanyie ubahili hata kidogo, vingine vyote mtumba na fundi wa mtaani wanatosha, na kwenye mambo fulani huyo fundi wa mtaani anawazidi mbali hawa tunaowaangalia YouTube.

Kwa asiyejua, traiali ni ule mchezo wa kuruka na baiskeli juu ya mawe, magogo na kuta bila kuweka mguu chini. Asili yake Hispania, kulikuwa na Pere Pi, mtu wa pikipiki za Montesa, akamfundisha mwanae Ot Pi kwenye baiskeli na kijana akaja kuwa bingwa wa dunia, na UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, wanaandaa mashindano ya dunia ya mchezo huu tangu 1986. Wengi wa rika langu tumeujua kupitia Danny MacAskill, yule Mskochi wa kisiwa cha Skye aliyetamba mtandaoni 2009 akirukaruka kwenye kuta za Edinburgh. Sasa we mtu wa Mwanza ukiona wenzetu wanapanga mawe kwa winchi ili watu wapate pa kushindania unacheka tu, maana huku Igogo, Mabatini, Isamilo, Bugando, mawe ndo yametutangulia na nyumba zikaja kujibana katikati yake. Kilichokuwa kinakosekana ni baiskeli.

Saizi za gurudumu zipo tatu, inchi 20, 24 na 26. Mi nimechukua 26 na sababu ni ya kimtaa kabisa. Zile za 20 za mashindano gurudumu la mbele kweli ni 20 lakini la nyuma ni 19, tairi lake nene na halipatikani popote hapa, likichanika unaagiza nje na kusubiri. 26 ni saizi ya mauntenibaiki zote za mtumba, tairi lipo, tyubu ipo, ringi ipo, hata ukiharibikiwa Magu huko unapona. Wanaosema 20 ni nyepesi na rahisi kujifunzia hawajakosea, ila wao wana duka la vipuri jirani.

Fremu nimenunua ya mtumba kutoka Uingereza, aluminiamu, ikiwa na foku na habu ya nyuma (kile kitovu cha gurudumu), shemeji yangu anakaa Leicester ndo kanibebea. Kama laki sita hivi. Ukiagiza fremu mtumba omba picha za chini ya kranki na pale mirija inapoungana shingoni, hapo ndo nyufa huanzia, usitumiwe picha ya rangi na stika ukaridhika. Kitu kingine angalia kranki imekaa wapi, kwenye baiskeli ya kawaida kitovu cha kranki kiko chini ya mstari wa ekseli, kwenye traiali kiko juu yake, ndo maana ukisimama na tairi la nyuma unajikuta uko sawa badala ya kuvutwa mbele.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi baiskeli Mabatini, mtu wa baiskeli za Phoenix na Avon miaka yote, mikono yake myeusi ya grisi hata Jumapili. Kaigeuza juu chini, kaiangalia.

"Mwanangu, siti wameisahau?"

"Haina siti mzee."

"Haina siti, haina mudigadi, haina keria, kengele hamna. Sasa hela umetoa ya nini?"

Lakini kazi aliyofanya huyo mzee jamani. Habu ya nyuma ina matundu 32, nikampa ringi ya mtumba ya kuta mbili na spoki mpya, akasuka kila spoki inakatiza nyingine tatu, kisha akaanza kukaza robo mzunguko robo mzunguko huku anagonga spoki na ukucha na kusikiliza, ikitoa sauti ya chini anakaza, ikilia kali kuliko wenzake analegeza, hana kipimo chochote zaidi ya kalamu aliyoifunga kwenye foku ili aone ringi inagusa wapi. Elfu ishirini. Nimeshatua na gurudumu hilo kwenye jiwe kutoka urefu wa kiuno na halijayumba. Kwa kusuka ringi usihangaike kutafuta mtu mwingine, watu wa Usukuma wameishi na baiskeli tangu babu zao na hicho kitu wanakijua.

Sehemu iliyoniudhi ni ekseli ya kranki. Traiali nyingi zinatumia aina inaitwa ISIS, yenye meno pembeni, na fremu yangu inataka ekseli ya milimita 128. Muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji, tangazo lake limeandika 128, mzigo ukafika 113. Tofauti ya milimita 15 inasikika ndogo lakini ukifunga kranki friwili inasugua fremu, haizunguki kabisa. Nikamwandikia akasema nirudishe kwa gharama zangu, na kutuma kifurushi kutoka Mwanza ni zaidi ya bei ya chenyewe, basi nikanunua nyingine kwa mtu mwingine. Ushauri wangu mwambie muuzaji apige picha ya maandishi yaliyo kwenye kipuri chenyewe kabla hujalipa, asikupe picha ya boksi.

Friwili sasa. Kwenye traiali friwili haikai nyuma, inakaa mbele kwenye kranki ya kulia, na sproketi ya nyuma imefungwa moja kwa moja na habu, kwa hiyo gurudumu likizunguka cheni nayo inazunguka hata kama hupigi pedeli. Mwanzo inashangaza. Mbele nina meno 18 nyuma 15, yaani pedeli mzunguko mmoja, gurudumu mzunguko mmoja na kidogo, karibu nusu ya Phoenix, ukienda nayo sokoni watoto wanaotembea kwa miguu wanakupita. Ila ukiwa umesimama na tairi la nyuma unataka kurukia jiwe linalofuata unatakiwa ukanyage na nguvu ifike hapohapo, hapo ndo hela inaonekana. Friwili ya kawaida ya dukani ndani inanasa sehemu chache, unaweza kukanyaga nyuzi kama 20 za mzunguko hewani kabla haijashika, na kwenye traiali hizo nyuzi 20 ni uso wako na jiwe. Mi nimechukua ya kampuni ya White Industries, inaitwa ENO, inanasa sehemu 72, yaani kila nyuzi 5. Zipo za 108 kutoka kampuni nyingine, zinashika mapema zaidi, ila hii nimeipenda maana inafunguka na kufanyiwa sevisi, unaosha, unapaka mafuta, unarudisha. Laki tatu na nusu imekatika hapo. Inauma, lakini sijaijutia. Kabla ya kuifunga paka grisi kwenye thredi, nyingi kabisa, kwa sababu kila unapokanyaga pedeli unazidi kuikaza na siku ya kuitoa utalia.

Breki ya nyuma nimeweka Magura HS33, hii ni breki ya ringi lakini ya mafuta, haina waya, ukibonyeza mkono wa breki pistoni mbili zinasukuma pedi kwenye ringi. Nguvu yake sio ya kawaida, kidole kimoja kinatosha na gurudumu linaganda kama limechomelewa. Ila ifungwe vizuri. Pedi zote mbili zigonge ringi kwa wakati mmoja na ziwe zimelala bapa, moja ikitangulia ringi inasukumwa pembeni na nguvu yote inapotea.

Kuna mambo mawili hapa ambayo hamna mtu Mwanza atakueleza. La kwanza mafuta. Nilimpelekea fundi wa bodaboda akaniambia kaka mafuta ya breki ni mafuta ya breki tu, akataka kuweka yale ya pikipiki, DOT 4. Nikamzuia mkono. Magura wanatumia mafuta ya mineral, yao yana rangi ya bluu wanaita Royal Blood, ukiweka DOT yanakula sili za mpira na breki inaanza kuvuja. Nikaamua kufanya mwenyewe. Nimenunua bomba mbili za sindano na mpira wa dripu duka la dawa, dada wa pale kaniangalia kwa jicho la wasiwasi, nikarudisha kile kisukurubu chekundu cha kusogezea pedi nyuma kabisa, nikasimamisha baiskeli ili mkono wa breki uwe ndo sehemu ya juu kuliko zote, halafu nikasukuma mafuta kutokea chini kwenye pistoni yapande mpaka kwenye mkono, maana hewa inapenda kupanda, ukisukumia juu kuja chini unashindana nayo. Gonga mpira na bisibisi taratibu, mapovu madogo yanajificha kwenye kona. Ukimaliza mkono ukibonyea kama sponji ujue kuna hewa, rudia.

La pili ni kukwaruza ringi. Ndio, unachukua grinda. Ringi laini pedi inateleza, kwa hiyo wapanda traiali wanaikwaruza makusudi ile sehemu pedi inapogusa. Nilienda kwa jamaa anayechomelea mageti, nikamwomba dakika chache za grinda, nikaishika kwa upande, jiwe linagusa ringi kama linaipapasa huku mtu mwingine anazungusha gurudumu pole pole, inabaki mistari myembamba ya kukingama, ukipitisha ukucha unasikia inakwaruza lakini hauzami. Ukikandamiza unakula ringi yenyewe na itapasuka siku moja. Na vaa miwani, vumbi la aluminiamu sio la mchezo. Baada ya hapo breki inashika ajabu, ila pedi zinaisha haraka na kelele zake, aisee, mbwa wote wa mtaa wanaitika. Mvua ikinyesha nguvu inapungua, hiyo ni tabia ya breki zote za ringi, sio kasoro ya hii peke yake.

Ya mbele nimeweka V-breki ya waya kutoka mtumba, waya wa elfu mbili, ikizingua hata mtoto wa fundi anairekebisha. Mikono ya breki isogeze ndani kwenye usukani ili kidole kimoja kifike ncha ya mkono, ncha ndo inatoa nguvu zaidi, vidole vingine vyote vishike usukani.

Cheni ni KMC nene, na usishawishike kuweka ya Phoenix iliyotumika. Kwenye traiali uzito wako wote unashuka kwenye cheni kwa mpigo, ikikatika ukiwa hewani unatua na kifua kwenye stemu, kile chuma kinachoshika usukani. Kuikaza kuna visahani viwili vyenye umbo la konokono vinavyokaa kwenye ekseli ya nyuma, kila kimoja kina ngazi pembeni, ukikizungusha kinasukuma gurudumu nyuma. Hesabu ngazi kushoto na kulia zilingane, zikipishana gurudumu linakaa upande na breki nayo inavurugika. Cheni icheze kidogo sana, ikiwa imelegea inaruka meno, ikiwa imekazwa mno beringi za friwili zinaumia.

Upepo wa tairi la nyuma ni mdogo, mi nakaa kwenye psi 20 hivi (psi ni kipimo cha upepo), bomba la mzee halina geji kwa hiyo nilienda sheli kupima mara ya kwanza nikakariri kwa kidole gumba. Tairi laini linashika granaiti vizuri mno, mawe yetu yakiwa makavu yana ukavu unaokwaruza, unasimama kwenye mteremko ambao kwa miguu ungeteleza. Yakilowa achana nayo kabisa, ule ukijani unaoota upande wa kivuli ni sabuni tupu. Shida ya upepo mdogo ni pancha, tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi inatoboka matundu mawili yanayotazamana, weka tyubu nene hata kama inaongeza uzito.

Jumla imefika kama milioni moja na laki nane pamoja na usafirishaji na makosa ya yule muuzaji. Uzito haufiki kilo 11, wakati Phoenix inacheza kwenye 20. Kama unataka ya kwendea kazini Buzuruga achana nayo, haina pa kukaa na utachoka kabla ya kona ya kwanza. Ila kama una jiwe nyuma ya nyumba na magoti yanaruhusu, nunua.

Kilichobaki ni kifaa cha kutolea hiyo ENO, kina meno manne na sio hiki cha mafundi wetu, nimeuliza mjini kote mpaka Igoma hamna. Mwenye nacho au mwenye fundi wa kukichonga kwenye chuma anitonye, pedi za nyuma nazo zinaelekea ukingoni na shemeji harudi mpaka Desemba.