Ngozi, Kydex au nailoni: holsta hupimwa mdomoni

Mteja akiniwekea mezani holsta, yaani ala ya kuvalia bastola, sitazami kwanza rangi wala mshono. Nauminya mdomo wake kwa vidole viwili, pale bastola inapoingilia. Mdomo ukibonyea na kufumba, maswali mengine yote nayasogeza kando mpaka tumalizane na hilo.

Sababu ni hii. Kuchomoa bastola kila mtu hukufikiria, kuirudisha wengi hawakufikirii. Mlinzi huirudisha bastola kwa mkono mmoja huku macho yake yako kwa watu, na pengine bado anahema. Mdomo uliofumba unamlazimisha aupanue kwa mtutu, au alete mkono wa pili mbele ya mtutu. Na ukingo uliolegea ukikunjika kwa ndani unaweza kupenya kwenye kinga ya triga, ile pete inayokizunguka kifyatulio. Hapo kuisukuma bastola chini ni sawa na kuivuta triga yenyewe. Jeshi la Austria lilipoichukua Glock 17 mwaka 1982, lilichukua bastola isiyo na sefti (kizuizi cha usalama) ya kidole gumba ubavuni: sefti zake zote hujifungua triga inapovutwa. Bastola nyingi za leo zimefuata njia hiyo. Ndiyo maana nasema kinachofunika triga, kiwe ngozi, plastiki au kitambaa, ni sehemu ya usalama wa silaha na hakistahili kuchaguliwa kwa kuangalia urembo.

Mimi ni fundi wa ngozi. Mjomba alinifundisha kwenye viatu na mikanda, na kutoka hapo nikaingia kwenye holsta, kuzishona na kuzitengeneza zilizochoka. Wateja wangu wengi ni walinzi wa magari ya fedha na wanachama wa vilabu vya kulenga shabaha. Wananiletea za kila aina, hata zile ambazo siwezi kuzishona, kwa hiyo nimezishika nyingi na kuona zinavyokufa. Naipenda ngozi, lakini sitaisifia mahali isipostahili.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi ni kwamba ngozi si moja. Ile iliyosindikwa kwa magome ya miti huwa ngumu, na ukiilowesha hukubali umbo na kulishika ikikauka. Iliyosindikwa kwa kromu ni laini, nzuri kwa mkoba wa mkononi na koti, lakini haishiki umbo, na masalia ya chumvi zake pamoja na unyevu hayaelewani na chuma. Holsta ya kromu mdomo wake hufumba tangu siku ya kwanza. Kisha kuna suala la sehemu ya mnyama. Ngozi ya mgongoni ni nzito na imeshikana. Ya tumboni inavutika. Watengenezaji wa bei rahisi hukata tumboni kwa sababu ndiko kwenye mabaki mengi, nayo dukani hupendeza tu. Ikikaa na jasho na uzito wa bastola, inarefuka, na kile kilichokuwa kinabana kinaanza kuchezacheza.

Mimi hutumia ngozi ya ng'ombe ya magome, unene wa kati ya milimita 2.8 na 3.6, pande mbili zilizogundishwa na kushonwa kwa uzi wa nta. Naichovya kwenye maji ya uvuguvugu, nasubiri rangi yake ianze kurudi, naingiza bastola ya mfano ya plastiki yenye vipimo vya ile halisi, kisha naikandamiza kwa mfupa uliosuguliwa: kuzunguka kinga ya triga, kwenye tundu la kutolea maganda ya risasi, chini ya slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza. Inakaukia kivulini. Jua kali au moto huifanya ikakamae na kupasuka. Mdomoni naongeza ukanda wa ngozi nyingine, na kwa holsta ya kuvaliwa ndani ya suruali naweka bamba jembamba la chuma katikati ya tabaka mbili, kwa sababu mkanda unauminya mdomo huo kutwa nzima. Ngozi ya farasi ni nyembamba zaidi kwa uimara uleule na hustahimili jasho vizuri zaidi. Nikiipata, ndiyo ninayoipendelea kwa holsta za ndani.

Holsta iliyofanywa hivi ina utulivu ambao plastiki haijaufikia. Haigongi, haitoi mlio bastola inapotoka, haikwaruzi kiuno, na hukaa karibu na mwili. Mlinzi anayekaa kwenye kiti cha gari saa nyingi atakwambia tofauti bila kuulizwa. Mpya hubana sana; dawa ni kuiviringisha bastola tupu kwenye mfuko mwembamba wa nailoni na kuiacha humo usiku mmoja. Dawa si mafuta. Mafuta ya kulainishia viatu na matandiko ya farasi huua kazi yote ya mfupa, maana unalainisha kitu ambacho thamani yake ni ugumu wake. Holsta nyingi za ngozi zinazonifikia zikiwa zimelegea zimeuawa kwa upendo wa namna hiyo, na kuilowesha upya hakurudishi ugumu ambao mafuta yameshaula.

Udhaifu wake nao hauna ubishi. Ngozi inakunywa. Jasho lina chumvi, na bastola iliyolazwa ndani ya holsta ya ngozi kabatini kwa miezi huota kutu upande uliogusana nayo. Vishikizo vya shaba huota kutu ya kijani. Mdomo hata ukiwa mzuri huchoka. Ule ukanda wa kufungulia kwa kidole gumba, unaopita nyuma ya bastola, ukishalainika huanguka ndani ya mdomo wakati wa kurudisha. Mteja akinionyesha mkunjo mmoja unaorudi palepale kila ukiunyoosha, karibu na triga, simshonei. Namwambia holsta hiyo imemaliza kazi. Wapo wanaonikasirikia.

Kydex ni jambo jingine kabisa. Ni mchanganyiko wa akriliki na PVC uliotengenezwa miaka ya 1960 kwa ajili ya kuta na viti vya ndani ya ndege, mahali ambapo kitu lazima kivumilie kugongwa, kufutwa na dawa, na kisishike moto kirahisi. Bamba la milimita 2 hivi linapashwa joto mpaka lilegee, linakandamizwa juu ya bastola ya mfano kati ya sponji mbili, na likipoa limemaliza. Mdomo wake haufumbi. Ukirudisha bastola unasikia mlio mfupi na mkavu inapokamata kwenye kinga ya triga, na ukitaka ibane zaidi unakaza skrubu mbili zilizokaa juu ya vipira. Jasho haliingii. Matope yakiingia unaosha kwa maji na sabuni, unakausha, unavaa. Ngozi ikipitia hayo inahitaji siku kadhaa za kupumzika kivulini.

Kwa kipimo changu cha mdomo, Kydex inaishinda ngozi, na nimeshawaambia hivyo watu waliokuja na pesa mkononi wakitaka niwashonee ya ngozi. Anayevaa bastola ndani ya suruali kila siku, kwenye joto, na kuivua na kuivaa mara kwa mara, namwelekeza kwenye Kydex. Mwenye tochi chini ya mtutu naye vilevile: ngozi hukubali umbo la tochi kwa shida, na nafasi inayobaki kati ya tochi na kinga ya triga ndiyo hasa isiyotakiwa kubaki.

Kydex nayo ina yake. Vumbi na mchanga vikikaa kati ya plastiki na slaidi vinasugua, na rangi ya slaidi huanza kuondoka kwenye ncha za mgusano. Ngozi pia hula rangi, ila polepole na kwa eneo pana. Skrubu zake hulegea. Bila tone la gundi ya skrubu utaziacha njiani. Kwenye baridi kali inaweza kupasuka ikipata pigo, hasa kwenye pembe zilizokatwa bila kulainishwa. Na joto: huanza kulegea kwenye nyuzi zaidi ya 70 za Selsiasi, na dashibodi ya gari lililofungwa juani inaweza kukaribia hapo. Holsta iliyoachwa juu ya dashibodi inaweza kurudi kiunoni ikiwa imepinda kidogo, usione kitu kwa macho, ila bastola haikamati tena. Anayetaka kujitengenezea nyumbani aipashe taratibu na afungue madirisha, kwa sababu PVC ikiungua hutoa moshi wa asidi unaochoma koo na mapafu.

Kuna holsta za mseto: bamba la Kydex mbele, ngozi au neoprini (mpira laini) nyuma inayogusa mwili. Zinavalika vizuri sana zikiwa mpya, na nawaelewa wanaozipenda. Shida ni kwamba upande laini huchakaa kwa haraka yake na upande mgumu kwa haraka yake. Ngozi ya nyuma ikishalainika hujikunja juu ya ukingo na kuinamia triga, na mvaaji haioni kwa kuwa imo ndani ya nguo. Anayeivaa aivue na kuikagua mara nyingi kuliko anavyodhani inatosha.

Nailoni ndiyo iliyojaa sokoni, na ndiyo inayonisumbua zaidi. Kitambaa kizito, sponji katikati, kitambaa kingine ndani, mshono pembeni, maandishi yanayosema inafaa bastola zote. Kinachofaa bastola zote hakijafuata umbo la hata moja. Mdomo unafumba bastola ikitoka, sponji inahifadhi maji ya mvua upande wa chuma, na triga imefunikwa na kitu unachoweza kukibonyeza kwa kidole kutoka nje. Hata hivyo nailoni si ya kutupwa moja kwa moja. Jeshi la Marekani lilipohamia kwenye Beretta M9 mwaka 1985, liliacha holsta ya ngozi ya M1916 iliyodumu tangu enzi za bastola ya M1911 na kuchukua M12 ya nailoni. M12 ni nene, ina kifuniko kinachokinga vumbi na matope, na kifuniko hicho kinaweza kuhamishwa kwa wanaotumia mkono wa kushoto. Kwa askari anayelala chini kwenye mchanga na asiyehitaji kuchomoa kwa sekunde moja, hiyo ni akili nzuri. Ile nyembamba ya kubana kwa Velcro, ya kubebea bastola iliyojaa risasi chini ya shati, siikubali hata ikitolewa bure.

Kwa mwenye sare, anayesogeleana na umati, nasema bila kusita: plastiki ngumu ya nailoni, si ile ya kitambaa, yenye kufuli. Hapa mdomo hauna neno, na linalobaki ni mtu mwingine kuinyakua bastola. Kufuli linalofunguliwa kwa kidole gumba, mkono ukiwa umeshakamata mpini kama kawaida, ndilo ninalolipenda. Lile la kubonyeza kwa kidole cha shahada silipendi, kwa sababu kidole kinachobonyeza huku mkono unavuta kinaweza kutelezea ndani, moja kwa moja kwenye triga. Vyuo kadhaa vya mafunzo vimezikataza holsta za aina hiyo, na naona wamefanya sawa.

Zinazochapwa kwa mashine za 3D nazo zimeanza kuniletewa. Nyingi ni za PLA, plastiki inayolegea kwenye nyuzi 60 hivi. Sioni la kujadili hapo.

Ukitaka kuipima yako, toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba, ingiza kidole uhakikishe ni tupu, na risasi ziache chumba kingine. Weka bastola kwenye holsta, elekeza mtutu mahali salama, kisha bonyeza kwa nguvu kutoka nje pale triga ilipo. Ukisikia triga imesogea, usiitumie tena. Igeuze juu chini juu ya godoro na uitikise; isidondoke. Kisha ivae, kaa, inama, simama, na urudishe bastola kwa mkono mmoja bila kutazama. Rudia ukiwa umevaa koti lako la kawaida, maana kamba ya koti imeshaingia kwenye holsta nzuri za watu wengi.

Na mkanda usiusahau kwenye hesabu. Holsta ya ngozi ya farasi au Kydex safi, ikining'inia kwenye mkanda mwembamba wa suruali ya kanisani, itainamia nje na kuteleza, na kila kuchomoa kutaivuta juu pamoja na bastola. Tafuta mkanda wa ngozi wa tabaka mbili, upana wa milimita 38, na hakikisha vitanzi vya holsta vina upana huohuo. Vitanzi vilivyokatwa kwa mkanda wa milimita 45 vitacheza kwenye wa 38, na mimi huvipunguza kwa mishono miwili tu kila upande.