Mizani ya dijitali ya kupimia baruti: uzoefu wangu, na kwa nini nimeirudisha kwenye boksi lake

Nilianza kuandika haya jioni ileile niliyotoka uwanja wa shabaha, nikafuta yote, maana yalikuwa matusi matupu. Zimepita wiki kadhaa sasa. Hasira bado ninayo, ila safari hii nina vipimo mezani, na kila nitakachosema nimekipima zaidi ya mara moja.

Risasi za bunduki yangu najijazia mwenyewe, miaka mingi sasa. Muda wote huo nimetumia mizani ya wenzo, ile ya kusogeza jiwe kwenye meno yake halafu unasubiri ncha itulie mbele ya mstari. Haitumii umeme, haina kioo, na kusema kweli inachosha. Risasi 50 zinakula jioni nzima na macho yanauma. Ndiyo maana nikanunua hii ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya greini, kile kipimo kidogo cha uzito tunachopimia baruti. Sifa zake nyingine mtazikuta kwenye boksi, sitapoteza muda nazo.

Wiki ya kwanza nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Unaweka kisahani, unabonyeza kitufe, inasoma sifuri. Unamimina baruti, unamalizia kwa kudondosha punje mojamoja, namba zinapanda mbele ya macho yako, na kataa kadogo ka kijani kanawaka kukuambia kwamba uzito umetulia. Kazi ikawa nusu ya muda wa zamani. Nilimsimulia kila mtu ninayepiga naye shabaha. Rafiki yangu mmoja aliinunua kwa maneno yangu tu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote nitakayoyaandika hapa.

Sasa ile siku. Nilikuwa natafuta kipimo cha baruti cha .308 Winchester, aina ya risasi ya bunduki ndefu ninayopiga, kwa kichwa cha risasi ambacho sijawahi kukitumia. Nilifanya kama inavyotakiwa: nikafungua kitabu cha vipimo, nikaanzia chini, nikapanda kwa nusu greini, mafungu matano, risasi sita kila fungu, tano za kupiga na moja ya akiba. Fungu la juu kabisa niliishia nusu greini chini ya kikomo cha kitabu. Nalisisitiza hilo kwa sababu baadaye niliambiwa kwa namna ya kuzungukazunguka kwamba mimi ndiye niliyezidisha. Nilijaza zote kwa kikao kimoja, kuanzia fungu la kwanza hadi la tano, kama saa mbili hivi. Kataa ka kijani kaliwaka kila mara.

Uwanjani kulikuwa shwari, hata bendera haikucheza. Nikafunga kipima kasi, nikalaza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, nikaanza. Fungu la kwanza lilinipa wastani wa futi 2,540 kwa sekunde. La pili 2,570. La tatu 2,604. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Kwa bunduki yangu nusu greini huongeza kama futi 25, na hatua zilikuwa zinarefuka, 30 kisha 34. Nikajiambia mtutu umepata joto. La nne likaja na 2,645, na matundu kwenye karatasi yakaanza kupanda na kushuka, wakati matundu ya fungu la pili ningeweza kuyafunika kwa sarafu moja. Nikajilaumu mwenyewe: pumzi, kidole, bega. Mpiga shabaha hujilaumu kwanza, ndivyo tulivyofundishwa. Sikuiwazia mizani hata kidogo.

Fungu la tano nilipiga moja tu. Nikashika kishikio cha bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, nikiinue, hakikuinuka. Nikakaza mkono, kimekwama kama kimechomelewa. Nikakipiga kwa kiganja mara moja, nikainua mkono kukipiga tena, na mzee mmoja aliyekuwa meza ya pili akanizuia.

“Mwanangu, usiipige. Iache ilivyo, mdomo uelekee kwenye shabaha.”

Akamwita msimamizi, watu wote wakasimamishwa kupiga. Bolti ilipokuja kufunguka ilifunguka kwa shida, na ganda likatoka likikwaruza. Mzee alilishika kwa ncha za vidole akaligeuza kitako juu, tukaangalia wote watatu. Fataki, kile kidude cha katikati ya kitako kinachowasha baruti, ilikuwa imelala bapa. Ule mviringo wa kingo zake haukuwepo tena, imejaa shimo lake hadi ukingoni utadhani imemiminwa. Pembeni yake, juu ya maandishi ya kitako, palikuwa na alama ndogo inayong'aa, duara lisilokamilika, mahali shaba iliposukumwa ikaingia kwenye tundu la kile kijiti kinachorusha ganda nje. Kipima kasi kilikuwa kinasoma 2,688.

“Shikamoo ya presha hiyo,” msimamizi akasema kwa sauti ya chini. Mzee hakunilaumu. Aliniuliza kitu kimoja tu: “Ulipima na nini?”

Kwa wasiojijazia: viwango vya SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, vinaweka kikomo cha .308 Winchester kwenye paundi 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Hiyo ndiyo nguvu inayofungiwa ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, sentimita chache kutoka shavuni kwako. Na presha haipandi sambamba na kasi. Ukikaribia juu, baruti kidogo inaongeza kasi kidogo lakini presha inaruka. Kwa hiyo zile futi 48 za ziada nilizoziona kwenye kioo, 2,688 badala ya 2,640 nilizopaswa kupata, ni sehemu ndogo tu ya kilichokuwa kinatokea ndani ya chuma.

Nyumbani sikula. Nilichukua nyundo ya kung'olea vichwa, nikazivunja zile za akiba, na zote tano zilizobaki za fungu la mwisho. Baruti ya kila moja nikaimimina kwenye kisahani cha mizani yangu ya zamani. Fungu la kwanza, sawasawa. La pili limezidi 0.1. La tatu 0.3. La nne 0.6. Za fungu la tano zote zimezidi 0.9, isipokuwa moja iliyozidi 0.8. Nilichodhani kiko nusu greini chini ya kikomo kilikuwa 0.4 juu yake. Greini 0.9 haifiki hata gramu 0.06. Ukimulika tochi ndani ya maganda mawili, moja lenye kipimo na moja lililozidi, hutaona tofauti yoyote. Nimejaribu. Kitu pekee kinachoweza kukuonyesha ni mizani, na mizani ndiyo iliyokuwa inadanganya.

Ilikuwa inadanganyaje? Hili nililijua siku mbili baadaye. Ukishaweka sifuri ukiwa na kisahani juu, kisha ukakiinua, kioo kinasoma uzito wa kisahani kwa alama ya kutoa. Changu kilisoma −150.4. Nikaikalia mizani ile saa mbili bila kujaza risasi yoyote, kazi yangu kukiinua kisahani kila baada ya dakika kumi na kuandika. −150.4. −150.5. −150.7. Mwishoni −151.3. Kisahani hakiongezeki uzito kwa kukaa mezani. Sifuri yenyewe ndiyo ilikuwa inateleza kwenda chini, polepole, na kila nilipomimina hadi namba ninayoitaka nilikuwa namimina zaidi bila kujua. Mwenye mizani ya aina hii, ya kampuni yoyote, aandike hiyo namba ya kisahani kwenye karatasi kabla ya risasi ya kwanza na aitazame kila anapokiinua. Inachukua sekunde moja. Mimi nilikuwa naiona kila mara na sikuwa naisoma.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea alinisikiliza hadi mwisho, hilo nampa. Kisha akasema:

“Kaka, wengi wanaolalamika kuhusu sifuri huwa ni wanaoanza.”

Nikamweleza kuhusu ganda, fataki, bolti iliyokwama. Nikamtajia zile namba za kisahani moja baada ya nyingine.

“Sisi tunauza mizani, kaka. Unachopima ni juu yako.”

Nina boksi mbele yangu ninapoandika. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni mizani ya baruti, na pembeni pamechorwa risasi ya bunduki ndefu. Wao ndio waliochora. Sikuinunua kupimia pete.

Nilikata simu bila kuaga, na mimi si mtu wa kukata simu bila kuaga.

Hata hivyo nilitaka kutenda haki, kwa hiyo niliipa nafasi nyingine. Kweli, upande wangu kulikuwa na kasoro. Siku ile niliiwasha nikaanza kujaza ndani ya dakika tano, na simu yangu ya mkononi ilikuwa imelala kando yake, karibu kuigusa. Mizani hizi zina kihisi kinachobadilika kwa joto, na wapo wanaojua siku nyingi kwamba simu na hata upepo wa feni huzisumbua. Basi nikaiwasha saa nzima kabla, nikafunga mlango na dirisha, simu nikaipeleka chumba kingine, nikarudia jaribio la saa mbili. Ikahama 0.2 tu. Nikarudia siku nyingine, 0.2 tena. Nilikaa nikafikiri pengine nimeionea. Kwa anayejaza risasi za mazoezi, mbali kabisa na kikomo, anayekagua sifuri kila risasi ya kumi kwa jiwe la kupimia, inaweza kumfaa. Nilikuwa tayari kuandika nyota tatu, na kuomba radhi kwa yale matusi ya siku ya kwanza.

Halafu nikakumbuka kataa ka kijani.

Sifuri ilipohama 0.1, kaliwaka. Ilipohama 0.9, kaliwaka vilevile, rangi ileile. Hakuna mlio, hakuna alama ya kuonya, hakuna neno moja kwenye ule mwongozo wa kurasa nne kuhusu kuacha mizani ipate joto wala kuhusu simu. Nimeusoma mara tatu, mbele na nyuma. Mizani yangu ya wenzo ikigusa vumbi kwenye ukingo wake inagoma, ncha inanata, unaona kabisa kwamba ina tatizo. Hii inakosea huku inakuhakikishia. Mtu aliyeitengeneza alijua inakwenda kupima nini. Hapana, siwezi kuipa tatu. Naipa moja, na hiyo moja ni ya kile kisahani, ambacho ni kizuri na bado nakitumia.

Rafiki yangu nilimpigia usiku uleule nilipomaliza kuvunja zile risasi, ilikuwa imeshapita saa tano. “Usipige hata moja,” nikamwambia kabla hajaitika vizuri. Alikuwa amejaza 40 kwa mizani yake. Tulizivunja pamoja mwisho wa wiki, nyundo moja tukipokezana, na za mwisho zake zilikuwa zimezidi 0.3. Kwa kipimo alichokuwa anatumia zisingemdhuru. Alicheka, akasema yameisha. Lakini baruti ile hakuirudisha kwenye chupa, aliimwaga, na tangu siku ile nikimwambia twende uwanjani ananiambia wiki ijayo.