PostgreSQL na Safu Zisizobadilika: Tathmini kwa Watunza Rekodi za Fedha

Katika sacco ya hapa Nairobi inayopokea michango ya wanachama kwa M-Pesa, nambari ya muamala, kiasi na saa ya malipo zikishaandikwa hazipaswi kuguswa tena. PostgreSQL, ambayo hupatikana bila malipo, haina amri moja ya kuifunga safu (column) ya jedwali baada ya kujazwa mara ya kwanza, jambo la kushangaza kwa hifadhidata iliyokomaa kiasi hiki. Hata hivyo, nyenzo za kuifanya kazi hiyo inazo, tena nzuri.

Ya kwanza ni ruhusa za safu, zilizoanza na toleo la 8.4 la mwaka 2009. Akaunti inayotumiwa na mfumo hupewa UPDATE, yaani ruhusa ya kubadilisha data, kwa safu ya hali ya malipo na ya maelezo pekee, na anayejaribu kugeuza 5,000 kuwa 50,000 hukataliwa papo hapo. Iwapo akaunti hiyo tayari ina UPDATE ya jedwali zima, kuiondolea safu moja hakusaidii kitu mpaka ile ya jedwali iondolewe.

Ruhusa, lakini, hazijui kutofautisha kujaza na kubadilisha. Nambari ya muamala huweza kuwa tupu hadi jibu la malipo lifike, kwa hiyo hapo panahitajika triga (trigger), yaani msimbo unaojiendesha wenyewe, inayotangulia UPDATE, ambayo huruhusu safu tupu ijazwe na kuzuia mengine yote. Ulinganishi uandikwe kwa IS DISTINCT FROM, si kwa alama ya kawaida ya kutolingana, kwa sababu thamani ya zamani ikilinganishwa na NULL, yaani thamani tupu, jibu huwa NULL, sharti halitimii, na mtu anaweza kuifuta nambari yote pasipo onyo lolote.

Kwa kulinganisha, jedwali lisilobadilika (immutable table) la Oracle, hifadhidata nyingine, hufunga mstari (row) mzima, hivyo halifai pale ambapo hali ya malipo lazima isasishwe.

Kasoro kubwa ni kwamba mwenye jedwali anaweza kuizima triga, na mwenye ruhusa ya DELETE anaweza kuufuta mstari na kuuandika upya. Mfumo unaoingia kwa akaunti inayomiliki majedwali, kama mazoea ya wengi yalivyo, haujalindwa. Akaunti zikitenganishwa, naipendekeza PostgreSQL bila kusita. Ila anayemhofia msimamizi wa seva mwenyewe atalazimika kupeleka kumbukumbu za mabadiliko kwenye mashine ambayo msimamizi huyo hana nywila yake.