TAHADHARI: Fundi anayeuza "leseni ya kompyuta" Lamu

Jamaa wa Lamu, na nyinyi wa Malindi pia maana nasikia ameanza kufika huko: kuna fundi anazunguka mitaani akitoza watu pesa za mwezi kwa kila kompyuta inayotumia intaneti ya nyumbani. Anaiita leseni. Hakuna kitu kama hicho. Ukishailipa kampuni intaneti ya mwezi, uunganishe kompyuta moja au saba ndani ya nyumba yako, bili ni ileile. Jina lake silitaji hapa. Nitaeleza mwendo wake mpaka mumjue akipiga hodi.

Mwanzoni ni mtu mzuri kweli. Anakuja kukuwekea ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, kazi anaifanya haraka, na bei yake haiumizi. Kompyuta ya kwanza inaingia mtandaoni, watu wanafurahi, chai inaletwa. Siku mtoto akirudi na laptopu ya chuo, inakataa. Waifai inaonekana, paswodi ni sahihi, lakini haiingii ng'o. Unampigia simu. "Hiyo haijasajiliwa, mama. Kampuni inaruhusu moja tu. Nitakutilia leseni, mia tano kwa mwezi." Unatuma pesa kwa namba yake ya simu, na hujamaliza kusoma ujumbe wa M-Pesa laptopu imeshafunguka.

Afanyalo ni hili. Kila kifaa cha waifai kina anwani ya maunzi, yaani namba ya utambulisho kinayotoka nayo kiwandani, yenye herufi na tarakimu 12. Ruta nyingi zina ukurasa ambapo mwenyewe anaweza kuandika orodha ya anwani zinazokubaliwa, na nyingine zote zikabaki nje. Ni kitu halali. Kuna wazazi wanaokitumia kuwazuia watoto. Fundi huyu siku ya kwanza anaandika kompyuta moja tu kwenye orodha, kisha anabadilisha paswodi ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta na kubaki nayo. Kampuni haihusiki kabisa. Yeye ndiye aliyefunga mlango wa nyumba yako, na yeye ndiye anayekukodisha ufunguo.

Na kompyuta zako haziendi moja moja kwa kampuni hata iwe na haja ya kuzisajili. Kwa nje, nyumba yako nzima inaonekana kwa anwani moja, ya ruta (hii ni anwani ya intaneti, siyo ile ya maunzi). Ndani, ruta inagawa anwani za nyumbani, mara nyingi zile zinazoanza na 192.168, ambazo kwenye intaneti ya nje hazitumiki. Kompyuta ikiomba ukurasa, ruta inaondoa anwani ya ndani, inaweka yake, inakumbuka ni nani aliyeomba, na jibu likirudi inampelekea mwenyewe. Utaratibu huu uliandikwa kwenye waraka wa kiufundi mwaka 1994, wakati wahandisi walipoona anwani za intaneti zinaelekea kwisha. Leo umo ndani ya kila ruta ya nyumbani, hata ile ya bei ya chini kabisa dukani. Umeshaununua.

Ndiyo maana lile "sanduku la kugawanya" analowauzia wengine ni wizi wa pili. Nimeliona: ni swichi ya mtandao ya kawaida, ya matundu matano ya waya. Swichi ina kazi yake, ruta ikiishiwa na matundu ya waya unaongeza hapo. Lakini haigawi anwani na haina waifai, na yeye anaiuza kwa bei ya ruta nzuri. Kitu kisicho na tundu la pekee la kuingizia intaneti, wala ukurasa wa mipangilio, usikinunue kwa jina la ruta.

Mambo yake yalifichuka kwenye nyumba moja ya wageni mtaa wa Mkomani. Jioni moja simu zote za nyumba zilikatika, za wageni na za wenyeji, lakini laptopu zilipounganishwa upya zikaingia kama kawaida. Fundi akasema leseni za simu zimekwisha, zilipiwe upya. Ami mwenye nyumba akaniuliza, ni kampuni gani hiyo inayofuta leseni za simu na kuziacha za laptopu? Swali zuri. Jibu ni kwamba siku hiyo fundi alikuwa amebadilisha jina la waifai. Simu za kuanzia Android 10, na iPhone za kuanzia iOS 14, kwa kawaida hazitoi anwani yao ya maunzi ya kiwandani. Hujitungia anwani nyingine kwa kila jina la mtandao. Jina likibadilika, simu inakuja na anwani mpya, na orodha inaikataa. Laptopu zile zilikuwa zikitumia anwani za kiwandani, kwa hiyo zilipounganishwa na jina jipya orodha ilizikubali.

Tulipofanikiwa kuingia kwenye ruta ile, tulikuta vifaa ambavyo hakuna mtu nyumbani aliyevijua. Vilikuwa vya nyumba ya jirani. Jirani naye, maskini, alikuwa akimlipa fundi huyohuyo kila mwezi kwa "intaneti", na intaneti yenyewe ni ya ami. Hapa mambo si ya mia tano tena. Mtu akifanya uhalifu kupitia laini yako, anwani itakayoonekana ni yako na mkataba una jina lako.

Wengi mmeniuliza anafunguaje bila kuingia ndani. Kuibadilisha ruta kwa njia ya kawaida lazima uwe umeshika waifai yake au waya wake, na pale kwenye baraza waifai inafika vizuri. Sasa mnajua kwa nini alipenda sana kupumzika kwenye baraza za watu. Ruta nyingine huendeshwa kwa programu ya simu, na hizo amezisajili kwa baruapepe yake mwenyewe. Anaweza kukufungia intaneti akiwa Mokowe, kule bara, akisubiri boti.

Kuna na "leseni kubwa", ya chumba cha ndani ambako intaneti inasuasua. Jamani, kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na waifai inachoka kuzipenya, hasa ile ya mawimbi ya 5 GHz. Ile ya 2.4 GHz inajitahidi zaidi, lakini nayo ina mwisho. Hakuna leseni inayotoboa ukuta. Vuta waya mpaka chumba cha pili na uweke kifaa kingine cha waifai huko. Fundi wa kuvuta waya mlipeni, hiyo ni kazi ya jasho na ni ya mara moja. Ila kabla hajaanza, mwambie akwangue kidogo uzi mmoja wa ndani ya waya kwa kisu: ukiona nyeupe chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa. Haipitishi umeme vizuri kama shaba, inakatika upesi, na kwa hewa yetu ya chumvi haitadumu.

Kompyuta nyingi zikitumika kwa pamoja, kasi itagawanyika, hilo ni kweli. Mmoja akipakua kitu kizito wengine watalalamika. Dawa yake ni kifurushi kikubwa kutoka kwa kampuni yenyewe, unalipia kwa kampuni, na risiti unapata.

Kama ndiye aliyekuwekea ruta, mwambie akupe paswodi ya mipangilio, siyo ya waifai tu. Akisita, umeshajua. Unaweza kuirudisha ruta katika hali ya kiwandani kwa kubonyeza kitundu kidogo cha nyuma kwa pini, sekunde kumi hivi huku ikiwa imewashwa. Lakini ipigie kampuni kwanza: baadhi ya laini za waya huingia kwa jina na paswodi ya kampuni, na vyote hivyo vitafutika. Kisha weka paswodi mpya ya mipangilio na ya waifai kabla ya kufanya lolote jingine, na angalia kwamba orodha ya vifaa vinavyokubaliwa imezimwa. Ile ya programu ya simu, isajili upya kwa baruapepe yako.

Akikutajia serikali, jua kwamba Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutoa leseni kwa makampuni ya mtandao na makandarasi wa mawasiliano. Kompyuta iliyo mezani kwako haiombi leseni. Anayeihitaji ni mtu anayeuza intaneti kutoka nyumba hadi nyumba, yaani yeye.

Wenye ujumbe wa malipo mliomtumia, tafadhali msiufute, hata kama ni wa zamani. Baadhi ya wenye nyumba za Mkomani na Langoni wanakusanya ushahidi ili waende kituo cha polisi kwa pamoja, na namba iliyopokea pesa ndiyo itakayomfunga. Mwenye nao aje inbox, na asiweke namba ya mtu yeyote hapa chini.