Jimu ya Njiro isiyo na plagi: maoni ya fundi umeme

Mimi kazi yangu ni kuvuta nyaya kwenye nyumba za watu, kwa hiyo jimu ambayo mashine zake hazina waya hata mmoja ilipaswa kunichukiza. Ndiyo ninayoenda kila Jumamosi. Umeme ukikatika, jimu nyingine hapa Arusha watu wanashuka kwenye mashine wanakaa kupiga soga. Hapa taa zinazima, mazoezi yanaendelea.

Mashine ya kukimbilia imebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Mkanda wake ni vipande vya raba vinavyoteleza juu ya beringi. Ukikanyaga mbele palipoinuka, uzito wako unauvuta mkanda kurudi nyuma. Ukitaka kasi sogea mbele, ukichoka rudi katikati. Nilipouliza swichi iko wapi, kocha wa zamu akacheka: "Fundi, mota ni wewe."

Na mota inachoka. Kasi ninayoimudu vizuri barabarani hapa inaniacha hoi mapema, maana mkanda nao unataka kusukumwa. Mnaojiandaa na Kilimanjaro Marathon msiogope namba za kasi kwenye kioo cha mashine hiyo. Fuateni pumzi.

Iliyonifurahisha zaidi ni mashine ya makasia ya Concept2, ile unayokaa na kuvuta mpini kama unapiga kasia. Kampuni hiyo ya Marekani ilianza kuzitengeneza 1981, na ya kwanza kabisa ilitumia gurudumu la baiskeli. Ugumu wake unatoka kwenye feni inayokata hewa: ukitaka izunguke kasi mara mbili, nguvu unayotoa inapanda karibu mara nane. Hakuna cha kudanganya hapo. Pembeni kuna wenzo wa namba 1 hadi 10, na vijana wanaukimbiza kwenye 10 wakidhani ndiyo uanaume. Wenzo ule unapanga tu kiasi cha hewa inayoingia kwenye feni. Tena hewa ya Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo 5 ya hapa ni laini kuliko 5 ya kule. Kioo kinalijua hilo: kinapima feni inavyopunguza mwendo kati ya mvuto na mvuto, halafu ndipo kinapiga hesabu.

Sasa ile baiskeli yenye dainamo, ambayo mwenye jimu anamwonyesha kila mgeni kwamba "inazalisha umeme". Kaka, hiyo ni ya kupigia picha. Mtu mwenye afya akikanyaga saa nzima anatoa wati 100 hivi, yaani sehemu ya kumi ya uniti moja ya luku. Kwa bei ya umeme wa nyumbani haifiki hata shilingi hamsini, na bado hujatoa kinachopotea kwenye betri na inveta. Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa hapahapa Arusha, alitumia akili zaidi: baiskeli yake ilichaji simu, kitu kinachotaka wati chache tu. Mwenye jimu angefunga soketi ya simu kwenye usukani, ningemsifia.

Mnyororo wa makasia ulikuwa mkavu unalia. Tone la mafuta kwenye kitambaa lingemaliza kelele. Kiingilio shilingi 5,000 kwa siku. Nendeni asubuhi, jioni foleni ya mashine ya kukimbilia inafika mlangoni.