Miaka miwili na sindano ya adalimumabu: nilichokiogopa na nilichopaswa kukiogopa

Nimetumia adalimumabu, dawa ya kutuliza baridi yabisi, kwa miaka miwili sasa, sindano moja ya miligramu 40 kila baada ya wiki mbili, pamoja na vidonge vya methotreksati, dawa ya zamani ya ugonjwa huo, ambavyo nimekuwa navyo tangu baridi yabisi ilipotambuliwa kwangu. Katika kuutuliza ugonjwa wenyewe sina la kulalamika. Ukakamavu wa asubuhi uliokuwa ukinifunga vidole kwa saa mbili na zaidi umebaki dakika chache, na vifundo vya mikono, ambavyo methotreksati peke yake ilishindwa kuvipunguza uvimbe, vilianza kurudi katika umbo lake kabla mwezi wa tatu haujaisha. Hata hivyo, wagonjwa wenzangu wanaofikiria kuanza dawa za kibayolojia, yaani zile kama adalimumabu zinazotengenezwa kwa seli hai, ni nadra kuniuliza kama zinafanya kazi. Huniuliza kama hazitawafungulia mlango wa kifua kikuu au nimonia. Nami niliuliza hivyo hivyo. Swali hilo lilinichelewesha miezi minane, na katika miezi yote hiyo nilikuwa nikimeza miligramu 10 za prednisoloni, kidonge cha steroidi, kila siku bila kuziuliza swali lolote.

Hofu hiyo ina msingi, na asiyeuelewa msingi wake atashindwa kuipima dawa. Adalimumabu ni kingamwili iliyotengenezwa maabara ili kuikamata protini iitwayo TNF, ambayo mwili huitumia kuwasha uvimbe. Ravinder Maini na Marc Feldmann ndio waliofanya jaribio la kwanza la kuizuia protini hii kwa wagonjwa wa baridi yabisi, mjini London mwaka 1992, kwa kutumia dawa iliyokuja kuitwa infliksimabu. Lakini TNF hiyo hiyo inayochoma viungo vyetu ndiyo inayozishikilia pamoja seli zinazomzingira kimelea wa kifua kikuu pale alipolala, pengine kwa miongo kadhaa, ndani ya mtu asiyejua kwamba anaye. Ukiiondoa TNF, ukuta ule wa seli hulegea na aliyefungwa hutoka.

Hilo lilishuhudiwa mapema. Ripoti iliyochapishwa Marekani mwaka 2001, wakati ambapo watu wapatao 147,000 duniani walikuwa wamekwisha kupewa infliksimabu, ilikusanya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu, na 48 kati yao walikuwa wamepata dozi tatu au pungufu. Kasi hiyo inaonyesha kwamba wengi wao hawakuambukizwa upya, bali waliamshiwa ugonjwa waliokuwa nao tangu zamani. Jambo la pili katika ripoti hiyo, ambalo mimi naliona kubwa zaidi kwa mgonjwa wa kawaida, ni kwamba zaidi ya nusu yao ugonjwa ulitokea nje ya mapafu. Anayetumia dawa hizi akisubiri kikohozi ndipo ashtuke, anaweza kusubiri ishara isiyokuja kamwe huku akikonda, akitoka jasho usiku na kuvimba tezi.

Kwa kuwa adui mwenyewe tayari yumo ndani, anaweza kutafutwa kabla ya sindano ya kwanza, na hapa ndipo huduma inapostahili kuhukumiwa kwa ukali kuliko dawa. Kliniki ya kwanza niliyokwenda iliniuliza tu kama nimewahi kuugua kifua kikuu, nikajibu sijawahi, na kalamu ikaanza kuandika. Sikupigwa eksirei, sikupimwa ngozi wala damu, na homa ya ini aina ya B haikutajwa hata mara moja. Niliondoka bila kuichukua dawa, na nadhani ni uamuzi mmoja wa busara niliofanya katika kipindi chote kile cha woga.

Kliniki ya pili ilifanya kazi inavyotakiwa. Nilipigwa eksirei ya kifua na kuchukuliwa damu ya kipimo kinachoangalia kama seli za kinga zinamkumbuka kimelea wa kifua kikuu. Daktari alieleza kwamba kipimo cha ngozi kinaweza kumdanganya aliyepata BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni kwa kuonyesha ndiyo isiyo ya kweli, na kwamba prednisoloni inaweza kudanganya upande wa pili kwa kuinyamazisha ngozi isijibu chochote. Walipima pia homa ya ini ya B na C, kwa sababu virusi vya B vilivyolala huweza kuamshwa vilevile, hasa na rituksimabu, dawa nyingine ya kibayolojia, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliizidishia onyo kuhusu jambo hilo mwaka 2013.

Damu yangu ilionyesha kifua kikuu kilicholala. Nilichukua habari hiyo kama hukumu, kumbe ilikuwa ndiyo taarifa iliyoniweka salama. Niliandikiwa isoniazidi kwa miezi tisa pamoja na vitamini B6 ya kulinda mishipa ya fahamu, na adalimumabu ikaanza baada ya mwezi mmoja wa vidonge hivyo, kama miongozo inavyoruhusu. Siwezi kusema miezi hiyo ilikuwa mepesi. Isoniazidi na methotreksati zote mbili hulielemea ini, kwa hiyo nilipimwa vimeng'enya vya ini kila mwezi, na mara moja methotreksati ilipunguzwa hadi vipimo vilipotulia. Zipo njia fupi zaidi, kama rifampisini ya miezi minne, lakini dawa hiyo huifanya prednisoloni ivunjwe haraka mwilini, jambo ambalo daktari wangu hakulitaka wakati viungo bado vinawaka.

Kifua kikuu kikishatafutwa na kutibiwa, unabaki wasiwasi mpana wa maambukizi ya kawaida: nimonia, majipu, njia ya mkojo, mkanda wa jeshi. Uchambuzi mkubwa uliojumlisha majaribio mengi na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2015 ulikadiria kwamba dawa za kibayolojia kwa dozi ya kawaida, zikilinganishwa na dawa za zamani kama methotreksati, huongeza maambukizi makali takriban 6 kwa kila wagonjwa 1,000 kwa mwaka. Anayeunganisha dawa mbili za kibayolojia kwa pamoja hufika nyongeza ya 55, na ndiyo maana hakuna daktari makini anayefanya hivyo. Mimi nilipoisoma ile 6 nilitulia, ingawa namwelewa atakayeisoma akabaki na hofu, kwa sababu wastani hauwi mtu. Hatari hupanda kwa aliyepita miaka 60, mwenye ugonjwa sugu wa mapafu au figo, na aliyewahi kuugua maambukizi makali. Halafu kuna kipengele ambacho rejista ya wagonjwa ya Ujerumani iitwayo RABBIT ilikiweka katika hesabu yake sambamba na hivyo: dozi ya kila siku ya steroidi, kuanzia miligramu 7.5 za prednisoloni.

Hapo ndipo nilipojiona. Nilikuwa nimeikimbia sindano kwa kuogopa maambukizi, nikajificha chini ya kidonge ambacho nacho huyaalika, na ambacho juu ya hayo hupunguza mifupa na kupandisha sukari. Zaidi ya hapo, baridi yabisi isiyotulizwa yenyewe huidhoofisha kinga. Kwa hiyo hakukuwa na kipindi ambacho nilikuwa salama nikisubiri. Ulinganisho wa haki ulikuwa kati ya adalimumabu inayoniwezesha kuiacha prednisoloni, na prednisoloni isiyokoma. Ningeshauri yeyote anayepima jambo hili aanze kwa kuandika dozi yake ya steroidi juu ya karatasi kabla ya kuandika jina la dawa yoyote ya kibayolojia.

Je, adalimumabu ndiyo chaguo bora katika familia yake? Kwa mwenye historia kama yangu, ningeweza kuchagua etanasepti, ambayo nayo huizuia TNF, lakini katika rejista ya Uingereza ilionekana kuamsha kifua kikuu kwa kiwango cha chini kuliko adalimumabu na infliksimabu. Faida yake nyingine ni kwamba nusu ya dozi huondoka mwilini kwa siku nne hivi, wakati adalimumabu huchukua kama wiki mbili, na tofauti hiyo si ndogo siku unapoamka na nimonia ukataka kinga yako irudi upesi. Nikirudishwa mwanzo ningeijadili etanasepti kwa bidii zaidi. Hasara yake ni sindano ya kila wiki, na kwa vidole vyangu vya wakati ule hilo lilikuwa na uzito.

Rituksimabu hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa, kwa kuziondoa seli B, ambazo ni seli za kinga zinazozaa kingamwili, na haijulikani kwa kuamsha kifua kikuu. Lakini seli hizo hukosekana kwa miezi sita au zaidi baada ya dripu, chanjo huwa hazishiki vizuri katika kipindi hicho, na kwa dozi zinazorudiwa miaka na miaka kingamwili za mwili zinaweza kushuka. Abatasepti, nayo ya kibayolojia, ndiyo ambayo mwongozo wa Chuo cha Rumatolojia cha Marekani wa 2021 uliipendelea kwa mgonjwa mwenye maambukizi ya mapafu ya bakteria jamaa wa kifua kikuu. Tosilizumabu, nyingine ya kibayolojia, ni nzuri kwa asiyeivumilia methotreksati, ila huizima CRP, kile kipimo cha damu ambacho madaktari hukitegemea kutambua uvimbe, na huweza kuifunika hata homa. Mtu anaweza kuwa na jipu tumboni na majibu ya maabara yakawa safi. Vidonge vinavyozuia vimeng'enya viitwavyo JAK, kama tofasitinibu, si dawa za kibayolojia ingawa hutajwa pamoja nazo. Huongeza mkanda wa jeshi kwa namna inayoonekana wazi, na tangu 2021 hubeba nchini Marekani onyo juu ya moyo, saratani na kuganda kwa damu. Hofu ya sindano pekee isimpeleke mtu huko.

Narudi kwa bidhaa niliyonayo mkononi. Kalamu ya sindano ni rahisi kuitumia hata kwa mtu ambaye kiganja chake hakifungi sawasawa, kwa kuwa huibana pajani na kuisubiri imalize. Toleo la kwanza nililopewa lilikuwa na sitrati, kiungo cha kudhibiti asidi ya dawa, na lilichoma kama kuumwa na siafu kwa sekunde kumi. Toleo lisilo na sitrati halina maumivu ya kutaja. Baadaye nilihamishiwa dawa mfano wa Humira (jina la kibiashara la adalimumabu ya awali) iliyotengenezwa na kampuni nyingine, na sikuona tofauti yoyote. Jokofu la nyuzi 2 hadi 8 ni sharti, na dawa isiwahi kuganda. Katika safari, aina niliyonayo huvumilia hadi nyuzi 25 kwa siku 14, lakini ikishakaa nje muda huo haifai tena, hata ukiirudisha jokofuni.

Maambukizi? Kwa miaka miwili nimepata mafua yaliyochukua muda mrefu kuliko zamani, maambukizi mawili ya njia ya mkojo, na jipu moja la kwapa lililonifanya niruke dozi moja. Kanuni niliyopewa na muuguzi ni fupi: ukiwa na homa ya nyuzi 38, au ukianza antibiotiki, sindano ibaki kwenye jokofu na simu ipigwe. Nakiri mara ya kwanza niliona aibu kupiga simu kwa ajili ya mkojo unaochoma. Nilipopiga, hawakucheka.

Chanjo ndizo ningezifanya tofauti. Zile zisizo na vimelea hai, kama ya mafua, ya nyumokoko (bakteria wa nimonia) na ile mpya ya mkanda wa jeshi isiyo na kirusi hai, zinaruhusiwa hata ukiwa katikati ya matibabu, ingawa mwili hujibu vizuri zaidi zikitangulia. Zile zenye kimelea hai kilichodhoofishwa, kama ya homa ya manjano na ya surua, hazitolewi ukiwa unatumia dawa hizi. Mimi nilikumbuka chanjo ya homa ya manjano nikiwa tayari na sindano ya nne mwilini, na safari niliyokuwa nimeipanga ikafutwa. Ile miezi minane ya kusitasita ingetosha kabisa kuzipata zote.

Nisingeipendekeza adalimumabu kwa mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu kwa kiwango kikubwa, wala kwa mwenye ugonjwa wa kuharibika kwa ganda la mishipa ya fahamu, kwa kuwa vizuia TNF vinaweza kuyazidisha magonjwa hayo. Aliyelazwa kwa maambukizi makali ndani ya mwaka uliopita ana sababu ya kujaribu kwanza kuunganisha dawa za zamani. Na anayeishi mbali na mahali pa kupimwa damu kila baada ya miezi michache aliweke hilo mezani kabla ya kusaini.

Prednisoloni ilipunguzwa miligramu moja baada ya nyingine kuanzia mwezi wa pili wa sindano, na ikaisha mwezi wa saba. Viungo vyangu vikikaa kimya hadi vipimo vijavyo, tumekubaliana na daktari kuisogeza adalimumabu kutoka wiki mbili hadi tatu kati ya sindano na sindano, huku methotreksati ikibaki ilivyo.