Nasevu setingi kwenye modemu ya dayalapu halafu nachomoa umeme: US Robotics Courier 56K

Haya wadau, mambo vipi, karibuni tena mezani kwangu. Leo ni kitu cha kizee kidogo na najua kuna mtu ashaanza kucheka, modemu ya dayalapu, ile inayopitisha data kwa kupiga simu, zama hizi? Tulia kwanza basi. Hii hapa ni US Robotics Courier 56K, ile ya nje, nimeipata mtumba na adapta yake, na sijainunua ili niperuzi jamani, hapana, modemu mbili zikipigiana kwenye laini za kawaida za mezani mwisho ni kilobiti 33.6 kwa sekunde, hiyo 56K inataka upande wa pili uwe wa kidijitali, kwa hiyo ukituma picha moja utasubiri mpaka chai ipoe. Kwangu kazi yake ni moja tu, inachomekwa kwenye tundu la AUX, lile la ziada la kuisimamia routa, kwenye routa ya Cisco iliyo mbali, intaneti ya kule ikifa mimi napiga simu, modemu inapokea, naingia kwenye routa kwa mlango wa uani, narekebisha, narudi kulala.

Sasa kilichonifanya nirekodi. Kabla ya hii nilikuwa na nyingine ya bei chee, jina silitaji, niliifunga sehemu fulani Morogoro. Nikaandika ATS0=1, yaani simu ikiita mara moja we pokea, ikajibu OK, nikaipigia ikapokea, safi, nikafunga kabati nikapanda basi. Nafika Chalinze napigiwa naambiwa umeme umekatika. Ukarudi baadae, modemu ikawaka vizuri tu ila imesahau kila kitu, napiga inaita weee mpaka inakata yenyewe! Hapo kosa langu kabisa, ile S0=1 ilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda, sikumalizia na &W ambayo ndo inaandika kwenye kumbukumbu ya kudumu. Kesho yake nikarudi kwa nauli yangu, nikaandika &W, ikajibu OK kama kawaida, safari hii nikajifanya mjanja nikachomoa umeme nikarudisha palepale... imesahau tena. Yaani inakubali amri kwa mdomo tu. Ndo nikaanza kuitafuta hii.

Haya tuangalie skrini. Courier ina tundu la siriali la pini 25 kwa hiyo laptopu za sasa lazima uwe na kebo ya kutoka USB, na programu ya kuandikia amri, mimi natumia PuTTY. Nagusia spidi mapema maana wengi wanakwama hapo, modemu inajua spidi ya kuongea na kifaa kutokana na amri ya mwisho uliyoiandikia, kwahiyo kama AUX ya routa umeiweka biti 38400 kwa sekunde na wewe laptopu iweke 38400 hiyohiyo ndo usevu.

Naandika AT&F1S0=1&W. Hiyo &F1 inarudisha setingi za kiwandani zile zenye udhibiti wa mtiririko kwa kutumia waya, yaani modemu na kifaa vinaambiana "subiri kwanza" kupitia nyaya za kebo, S0=1 ushaijua, &W inasevu. Imejibu OK, lakini mi OK siiamini tena, naandika ATI5, unaona hiyo orodha? Hivi ndo vilivyomo kwenye kumbukumbu ya kudumu, ukiandika ATI4 unaona vinavyotumika sasa hivi. Modemu nyingi za kampuni nyingine utatumia AT&V, na kuna zenye nafasi mbili za kusevu, &W0 na &W1, halafu &Y ndo inachagua ipi ipakiwe ikiwaka.

Nimeona orodha iko sawa nimeridhika, ndo naandika ATE0Q1&W. Hapa haitajibu kitu, usishtuke, E0 inaizuia kurudia unachoandika, Q1 ndo inaifunga mdomo. Bila hivyo modemu inasema RING, routa inadhani kuna mtu anaandika jina la kuingilia, inamjibu, modemu nayo inaona kaletewa amri, wanabishana usiku kucha kama mawifi.

Geuza chini sasa, wameiandikia amri kuu na swichi zake ndogo tumboni, hii nimeipenda sana maana huko kwenye kabati hamna intaneti ya kugugo (ingekuwepo usingeenda!). Swichi namba 10 iache OFF, ikiwa ON kila ikiwaka inapakia za kiwandani na &W yako imeenda na maji. Namba 5 inahusu kupokea simu, ikikaa upande wa kukataa modemu haipokei hata kama S0=1 umeisevu, hiyo ilinila nusu saa.

Anayetumia Windows kupiga: Windows kwa kawaida inatanguliza amri zake na mara nyingi &F imo, kwa hiyo uliyosevu yanafutika kabla simu haijapigwa, za kwako ziandike kwenye kile kiboksi cha amri za ziada kwenye Advanced ya modemu. Ila &W usiiweke humo, kumbukumbu ile ya kudumu ina kikomo cha mara za kuandikwa, utaichosha bure. Na ATZ, ile ya kuirudisha modemu kwenye setingi ulizosevu, iandike mstari wa peke yake, chochote kinachoifuata kwenye mstari huohuo hakisomwi.

Ubaya wake ni likubwa, na spika yake inapiga kelele ofisi nzima wanageuka, ATM0 ndo inaizima, kisha usevu.

Haya, nachomoa adapta. Nahesabu mpaka kumi... narudisha. Taa zinacheza, subiri, iangalie hii iliyoandikwa AA, ndo ya kupokea simu yenyewe. Imewaka! Napiga kwa simu yangu, sikieni... mlio mmoja... krrrrr, imepokea.